Mazoezi ya polepole kwa wapiga gitaa la vidole: tunapunguza mwendo, lakini humo ndani tunafanya nini?

Mleta uzi, Tanga

Wanajamvi, salaam.

Uzi huu unawahusu wale wanaopiga gitaa kwa vidole vitupu, bila kile kipande cha plastiki cha kudonolea, iwe ni vipande vya kizungu vilivyoandikwa kwa noti au nyimbo zetu ambazo besi na melodi hutoka katika mkono mmoja. Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaokuja kujifunza kwangu ni moja: kipande wameshakijua kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini kila wanapokipiga mbele ya watu kinakwama palepale kilipokwama jana. Jibu linalotolewa na karibu kila mwalimu ni kwamba wapige polepole. Jibu hilo ni sahihi, ila likiishia hapo halimfikishi mtu popote, kwa sababu wengi wanaoambiwa wapige polepole hupunguza mwendo tu na kuendelea kufanya yaleyale waliyokuwa wakiyafanya kwa kasi: mkono unaruka vilevile, kidole gumba kinachelewa vilevile, na kasoro iliyokuwa ikichukua nusu sekunde sasa inachukua sekunde mbili.

Hoja yangu ni kwamba mwendo wa polepole ni nafasi ya kufanyia kazi fulani, na kazi yenyewe ni kuandaa. Katika upigaji wa vidole, kila noti inadai mambo matatu kabla haijatoka: kidole cha mkono wa kushoto kiwe kimeshafika nyuma ya freti yake (kile kipande cha chuma kilicholala kwenye shingo ya gitaa), kidole cha mkono wa kulia kiwe kimeshaugusa au kuukaribia uzi wake, na sikio liwe linaijua sauti inayokuja. Kwa kasi, mambo hayo hutokea karibu kwa pamoja, hivyo noti ikiharibika huwezi kujua ni lipi lililoiharibu. Kwa polepole yanatengana, nawe unaweza kuyakagua moja moja. Kwa hiyo mimi sipimi upole kwa namba ya metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo kwa dakika. Mwendo unatosha pale ambapo, noti hii ingali inalia, mkono umeshaanza kuielekea inayofuata bila kushtuka. Ukijikuta unashtuka, bado unakwenda haraka, hata kama metronomu inasoma 40, yaani pigo moja kila baada ya sekunde moja na nusu.

Nitoe mfano unaoshikika. Wengi mnaosoma noti mmepitia "Lágrima" ya Francisco Tárrega, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1852 na kufariki mwaka 1909. Ni kipande kifupi cha mapigo matatu kwa kila kipimo (kile kigawanyo kidogo cha muziki kati ya mistari miwili ya wima), na watu hukiita chepesi kwa sababu hakina mbio. Kipimo chake cha kwanza kina mishiko mitatu. Katika wa kwanza, besi iko uzi wa nne freti ya 2 na melodi iko uzi wa kwanza, ule wa sauti ya juu kabisa, freti ya 4. Katika wa pili, kwenye nyuzi zilezile, besi iko freti ya 4 na melodi freti ya 5. Katika wa tatu, besi iko freti ya 6 na melodi freti ya 7. Besi na melodi hudonolewa kwa pamoja, kisha uzi wa pili unapigwa ukiwa wazi bila kushikwa, kisha mkono unahamia mshiko mwingine. Hayo tu.

Sasa tazameni kinachotokea humo ndani. Kutoka mshiko wa kwanza kwenda wa pili, mkono unasogea huku nafasi kati ya vidole ikipungua kutoka freti mbili hadi moja. Kutoka wa pili kwenda wa tatu, umbo la mkono halibadiliki. Unasogea tu freti mbili mbele. Ni miondoko miwili tofauti kabisa, lakini anayekipiga kwa kasi huihisi kuwa ni mmoja, ndiyo maana ule wa kwanza humkwamisha naye asijue kwa nini. Mimi hutumia kidole cha nne, yaani kile kidogo (vya kushoto huhesabiwa kuanzia cha shahada), kwenye melodi katika mishiko yote mitatu, kiteleze juu ya uzi wa kwanza bila kuinuka, na kwenye besi hutumia kidole cha pili kwanza, kisha cha tatu katika mishiko miwili inayofuata. Maana yake ni kwamba katika kiungo cha kwanza kidole cha nne kinateleza, cha pili kinaondoka na cha tatu kinaingia, ilhali katika kiungo cha pili vidole vilevile viwili vinasafiri pamoja. Ukiweza kuyasema hayo kwa mdomo kabla ya kuyafanya, nusu ya kazi imekwisha.

Ule uzi wa pili unaolia wazi ndio nafasi ya kupitia, kwa kuwa haudai kidole chochote cha kushoto, na mkono unaweza kuhama ukiwa unalia bila msikilizaji kusikia pengo. Polepole ndipo utakaposikia kama unaitumia nafasi hiyo ipasavyo. Anayeondoka mapema huikata melodi kabla ya wakati wake. Anayechelewa hufika na kidole ambacho hakijakaa vizuri nyuma ya freti, na besi hutoka ikiwa imezibwa. Kuna na jambo jingine ambalo mpigaji mwenyewe halisikii akiwa mbioni, ila aliyeketi mbele yake hulisikia vizuri sana. Uzi wa nne wa gitaa la nailoni umezungushiwa waya mwembamba, hivyo kidole kikiteleza juu yake hutoa mlio wa kukwaruza, wakati uzi wa kwanza ni laini na hautoi mlio huo. Kwa hiyo kidole cha melodi kina ruhusa ya kuteleza, lakini kidole cha besi kinatakiwa kuinuka kidogo kabla ya kuhama. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kufanywa kwa kasi. Unafanywa polepole, huku ukijisikiliza, na baada ya hapo mkono unaurudia hadi uwe tabia.

Mtaona kwamba muda wote huu nimezungumzia viungo, sijazungumzia noti. Vipande vya gitaa ni kama nguo, huachia kwenye mshono. Ni nadra kitambaa chenyewe kuchanika. Kijana anayekwama kwenye kipimo cha sita hakwami kwa sababu mshiko wa kipimo cha sita ni mgumu, maana ukimwambia aushike peke yake ataushika bila taabu. Anakwama kwa sababu ya safari ya kutoka kipimo cha tano. Na bado, kila akikosea, hurudi mwanzo wa wimbo na kuanza upya, hivyo mwanzo unazidi kung'aa na kiungo kibovu kinapata zamu moja tu katika kila mzunguko. Chukueni noti ya mwisho kabla ya kiungo na noti ya kwanza baada yake, mzipige hizo mbili tu, tena na tena, polepole, mpaka safari iwe haina maswali. Kisha ongezeni noti moja nyuma na moja mbele.

Kuhusu mkono wa kulia nitasema machache, kwa kuwa huko tatizo kubwa ni moja: vidole vinafika kwenye uzi kwa kuurukia kutoka mbali. Katika mwendo wa polepole, kiwekeni kidole juu ya uzi kwanza, kitulie, kisha ndipo kidonoe. Sauti iliyotangulia itakatika kidogo ikiwa ni kwenye uzi uleule, na hilo halina ubaya katika zoezi. Mwitaliano Mauro Giuliani aliandika mazoezi 120 ya mkono wa kulia, na katika yote hayo mkono wa kushoto unashika akodi mbili tu (makundi ya noti zinazolia pamoja), C na G7, ili akili yote iende kwenye vidole vinavyodonoa. Sijaona njia bora zaidi ya kuutenga mkono mmoja na mwingine.

Mkono wa kushoto nao una ukaguzi wake: nguvu. Shika noti, kisha ilegeze kidogo kidogo huku ukiendelea kudonoa, mpaka ianze kukwaruza kwenye freti. Ongeza nguvu kidogo tu hadi isafike. Hiyo ndiyo nguvu inayohitajika, na kwa kawaida ni ndogo kuliko ile tunayoitumia, hasa pale tunapokaribia sehemu inayotutisha. Anayebana shingo ya gitaa kwa nguvu hawezi kuhama haraka, kwa sababu inambidi kwanza aachie.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu. Vidole vina kumbukumbu yao, na kumbukumbu hiyo hutegemea mtiririko: mwondoko mmoja huuvuta mwingine bila wewe kufikiri. Ukipunguza mwendo sana, mnyororo huo hukatika, ndipo mtu aliyekuwa akikipiga kipande chote kwa dakika mbili hujikuta hajui kidole gani kinafuata. Wengine hukasirika na kusema kwamba polepole inawaharibia. Haiwaharibii; inawaonyesha kwamba walichokuwa nacho ni mazoea ya mkono, na mazoea hayo ndiyo huyeyuka mtu akiwa na hofu jukwaani. Kipande ninachokiita nimekijua ni kile ninachoweza kukipiga kwa mwendo wa chini kabisa, nikianzia kipimo chochote, bila karatasi.

Nawasilisha. Wenye uzoefu tofauti wauweke hapa.


Mchangiaji wa pili, Muheza

Shukrani sana mwalimu, uzi umeshiba. Nina swali moja. Mimi huanza na metronomu kwenye 50, kisha kila nikifaulu napandisha hatua nne au tano. Nafika vizuri hadi karibu na 90, halafu kila kitu kinaporomoka kwa pamoja, na nikirudi chini nakuta ni pasafi. Napanda tena, napomoka palepale. Je, niendelee kukaa chini hadi lini? Nakiri pia kwamba inachosha.


Mchangiaji wa tatu, Tanga, mpiga solo

Wakuu, naheshimu kazi ya mleta uzi, lakini nina upinzani. Mimi ni mtu wa muziki wa dansi. Jiji hili limetoa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na ndugu Wilson na George Kinyonga walipitia Jamhuri Jazz kabla ya kwenda kuanzisha Simba Wanyika nchini Kenya mwaka 1971. Muziki ule ni wa miguu ya watu. Gitaa la ridhimu linazunguka, la solo linalizungukia, na utamu wote upo katika namna noti zinavyokaa mbele kidogo au nyuma kidogo ya pigo. Ukiupunguza mwendo hadi 40, mnyumbuko wote unakufa na kinachobaki ni noti zinazodondoka moja moja. Nimewaona vijana waliofundishwa polepole tangu mwanzo. Wanapiga safi, lakini hakuna anayeinuka kwenye kiti. Kasi ni lugha yake yenyewe, na huwezi kuijua kwa kuikwepa.


Mleta uzi, Tanga

Nitawajibu wote wawili kwa pamoja, kwa sababu maswali yenu yana mzizi mmoja.

Ndugu wa Muheza, unachokieleza kinatokea kwa sababu mwondoko wa polepole na wa kasi si mwondoko uleule kila mara. Ukiwa kwenye 50, una muda wa kunyanyua kidole, kukipeleka juu, kukirudisha, na bado ukafika kwa wakati. Ukiwa kwenye 90, muda huo haupo, na kidole kilichozoea kusafiri mbali kinachelewa. Kwa hiyo ulikuwa ukijizoeza mwondoko ambao una ukomo wake, na ukomo huo ndio hiyo 90. Hapo nakubaliana na mpiga solo kwa sehemu: anayekaa chini tu, akidhani kasi itakuja yenyewe, atangoja sana.

Suluhisho lina sehemu mbili. Kwanza, hata kwenye mwendo wa polepole, safari ya kidole iwe fupi na ya haraka, na kungoja kufanyike kidole kikiwa kimeshatua. Yaani kinachopungua ni idadi ya mapigo kwa dakika, wala si wepesi wa kidole. Mtu anayehama kutoka freti ya 2 hadi ya 4 kwa kukokota mkono kwa sekunde nzima anajizoeza kukokota. Ahame kwa mara moja, kwa wepesi na bila kubana, kisha atulie mahali pake akingoja pigo. Pili, chukua noti tatu au nne tu zenye kile kiungo kinachokuangusha, uzipige kwa mwendo kamili unaoutaka, kisha usimame na ulegeze mkono kabisa. Noti nne kwa kasi kila mtu anaziweza. Baada ya hapo chukua nne zinazofuata, kisha ziunganishe kwa noti moja inayopita kati yake. Ukifanya hivyo sambamba na kazi ya polepole, utagundua kwamba ile 90 haikuwa ukuta wa kipande kizima; ilikuwa kiungo kimoja au viwili.

Kuhusu kuchosha: inachosha ukirudia bila swali. Kila mzunguko uwe na jambo moja unalolisikiliza, kwa mfano safari hii nasikiliza urefu wa besi, safari nyingine nasikiliza mikwaruzo, na swali likiisha, acha, nenda sehemu nyingine. Utafiti kuhusu ujifunzaji wa miondoko unaonyesha kwamba mazoezi yaliyogawanywa kwa vipindi na siku hukaa kichwani kuliko yaliyorundikwa pamoja, na kwamba usingizi wenyewe husaidia kukikaza kile kilichojifunzwa. Robo saa ya asubuhi na robo saa ya jioni kwenye kiungo kimoja ina faida kuliko saa nzima ya kukiburuza.

Sasa mpiga solo. Mnyumbuko haufi kwa sababu ya polepole. Unakufa pale uwiano unapopotea. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi mwaka 1952, alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na vidole hivyo viwili vilitosha kutoa besi, melodi na mnyumbuko ambao hata leo wapigaji wengi wanauhangaikia. Ukitaka kuujifunza mtindo ule, huna budi kuupunguza, kwa kuwa sikio halikamati mara ya kwanza ni wapi kidole cha shahada kinaingia kati ya mapigo mawili ya gumba. Lakini punguza vyote kwa pamoja: kama kwenye kasi noti ya kidole cha shahada inachelewa kidogo baada ya nusu ya pigo, basi kwenye polepole ichelewe kwa kiasi kilekile kulingana na pigo, usiisawazishe. Vijana unaowalalamikia walisawazishiwa kila kitu. Hapo lawama ni ya mwalimu aliyewasawazishia, mwendo hauna kosa.


Mchangiaji wa tatu, Tanga, mpiga solo

Hapo kwenye uwiano umenipata, mkuu. Lakini bado nasema mtu apige na watu mapema, asijifungie ndani na metronomu mwaka mzima.


Mchangiaji wa nne, Bagamoyo

Habari zenu kaka zangu. Niongeze jambo kutoka upande wa huku Bagamoyo, ambako tunaishi jirani na TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na ngoma huzisikia hata asiyezitafuta.

Nilianza na ngoma kabla sijashika gitaa, na katika ngoma jambo la kwanza ni kuutamka mdundo kwa mdomo kabla ya kuupiga kwa mkono. Mkono ukipewa kazi ambayo mdomo hauijui, unabahatisha. Nimeihamishia tabia hiyo kwenye gitaa: kabla ya kukipiga kipimo polepole, naimba besi yake peke yake huku mguu ukihesabu, kisha naimba melodi peke yake, kisha napiga besi kwa kidole gumba huku nikiimba melodi. Hii ya mwisho ndiyo ngumu. Mtu anaweza kupiga sauti zote mbili kwa vidole kwa miezi bila kugundua kwamba hazisikii kama sauti mbili. Anazisikia kama mfululizo mmoja wa noti. Akilazimika kuimba moja na kupiga nyingine, ndipo anagundua kwamba besi yake inakatika kila melodi inapohama.

Wale waliowahi kusikiliza ilimba ya Kigogo, ala inayopigwa kwa vidole gumba, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliyeishi hapa Bagamoyo aliipeleka mbali duniani, wataelewa nasema nini. Vidole gumba viwili, kila kimoja na njia yake, na juu yake kuna sauti ya mtu inayokwenda njia ya tatu. Mwendo wa polepole ni mahali pa kuzitenganisha njia hizo, na kwa maoni yangu kuimba ndiyo njia ya haraka zaidi ya kujua kama zimetengana.

Kuhusu metronomu, nina ushauri kwa ndugu wa Muheza. Ukiiweka kwenye 40, usiichukulie kila sauti yake kuwa pigo la kwanza. Ichukulie kuwa ni nusu ya pili ya pigo, ile ambayo watu huihesabu kwa kusema "na". Moja na, mbili na, tatu na, huku metronomu ikilia kwenye "na" tu. Utalazimika kulibeba pigo mwenyewe, na mnyumbuko anaoutaka kaka mpiga solo utaanza kuonekana hata ukiwa chini kabisa.


Mleta uzi, Tanga

Dada wa Bagamoyo, ahsante, hilo la kuimba nilipaswa kulitanguliza mimi. Nisisitize tu kwamba huhitaji sauti nzuri. Hata kunong'ona kwa ufunguo usio sahihi kunatosha, alimradi urefu wa noti uwe sahihi.


Mchangiaji wa tano

Shikamoo mwalimu. Mimi nahangaika na tremolo, ule mrudio wa haraka wa noti moja, ya "Recuerdos de la Alhambra" ya huyohuyo Tárrega. Polepole inatoka sawasawa kabisa, kidole gumba, cha pete, cha kati, cha shahada. Nikiongeza kasi inaanza kuchechemea. Nimeambiwa nirudi polepole, nimerudi, lakini polepole hakuna kasoro ninayoiona ya kurekebisha. Nifanyeje?


Mleta uzi, Tanga

Marahaba. Kasoro ipo, ila umeitazama mahali pasipo. Katika tremolo, kidole gumba kinapiga besi na vile vitatu vinaurudia uzi mmoja, kwa hiyo sikio linasamehe sana. Kuna njia tatu za kuifichua ukiwa polepole.

Ya kwanza ni kuhamisha mkazo. Kazia kidole cha pete peke yake kwa mizunguko kadhaa, kisha cha kati peke yake, kisha cha shahada. Kimojawapo kitakataa au kitakuja na sauti nyembamba. Hicho ndicho kinachokuchechemeza, na kwa wengi ni tofauti na kile walichokidhania.

Ya pili ni kuihamishia tremolo kwenye uzi wa pili badala ya wa kwanza, kidole gumba kikibaki kwenye nyuzi za besi. Uzi wa kwanza una uwazi upande mmoja, hivyo kidole kikipita ovyo hakigusi kitu. Ukiwa kwenye uzi wa pili, umezungukwa pande zote mbili, na kidole kinachosafiri mbali kupita kiasi kitagonga jirani mara moja. Utasikia mwenyewe.

Ya tatu, ambayo naipenda zaidi, ni kuzikata noti. Kidole cha pete kikidonoa, cha kati kitue juu ya uzi papo hapo na kuinyamazisha sauti, kingoje, ndipo kidonoe. Kisha cha shahada vivyo hivyo. Utapata noti fupi fupi zenye ukimya katikati, na sasa utasikiliza ukimya badala ya noti. Ukimya ukiwa sawa kati ya vidole vyote, tremolo yako itakuwa sawa hata ukiongeza kasi, kwa sababu kila kidole kinafika mapema. Usiwe ukimya mmoja mrefu na mwingine mfupi.

Kagua na kucha. Kucha ya kidole kimoja ikiwa na ncha au imevunjika kidogo pembeni, hakuna mwendo utakaokusaidia mpaka uipige msasa.


Mchangiaji wa sita

Wakuu, nami niulize. Je, nyuzi zilizochakaa zinaathiri zoezi hili? Huku kwetu karibu na bahari nyuzi za chuma zinashika kutu upesi.


Mleta uzi, Tanga

Zinaathiri, tena sana katika polepole. Uzi wenye kutu unakwaruza vidole na kukufanya uogope kuteleza, na uzi uliochoka hauimbi kwa muda mrefu, kwa hiyo huwezi kujua kama noti imekatika kwa sababu uliiachia au kwa sababu uzi wenyewe umekufa. Chumvi ya hewa ya pwani na jasho la vidole vikikutana, kutu haichelewi. Futa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake, kila umalizapo, na uliweke gitaa ndani ya mfuko wake. Nyuzi za nailoni zina unafuu katika suala la kutu, ingawa zile zenye waya nazo hupauka.


Mchangiaji wa pili, Muheza

Mwalimu, nimefuata ushauri wa zile noti nne nne na kweli kiungo kimepatikana, ni kimoja tu, kwenye sehemu ya pili ya wimbo. Sasa nina shughuli ya familia mwishoni mwa wiki na nimeombwa nipige. Siku hizi chache zilizobaki nifanye polepole tu au nipige kwa kasi?


Mleta uzi, Tanga

Hongera. Kwa siku hizi chache usitafute kasi mpya; mwendo ulionao sasa ndio utakaoupeleka kwenye shughuli, na ukipungua kidogo hakuna atakayejua. Kila siku kipige kipande chote mara moja tu kwa mwendo wa jukwaani, kama vile watu wameshakaa, bila kusimama hata ukikosea, huku simu ikirekodi. Kisha weka gitaa chini na usikilize rekodi ukiwa na karatasi. Weka alama pale tu ambapo wewe, ukiwa msikilizaji, umeshtuka. Kazi ya siku hiyo ni alama hizo, polepole, kiungo kimoja kimoja, na unapozimaliza usirudi kukipiga chote tena ili kujihakikishia. Watu wengi huharibu hapo: wameshasafisha, kisha wanakipiga mara kumi kwa kasi na kuirudisha taka yote.

Anza pia kukipiga kuanzia katikati. Chagua sehemu tatu ambazo unaweza kuingilia bila kuanza mwanzo, na uzijue vizuri, ili ukipotea mbele ya watu urukie iliyo karibu badala ya kurudi juu. Siku yenyewe, kabla ya kutoka nyumbani, pitia viungo vyako kwa mwendo wa chini kabisa na uishie hapo.

Ukipata nafasi, weka rekodi hapa jamvini. Lakini weka ile ya polepole, kipimo cha mwisho cha sehemu ya kwanza hadi vipimo viwili vya mwanzo wa sehemu ya pili, bila metronomu, ili dada wa Bagamoyo naye atuambie kama besi yako inaendelea kulia melodi inapohama.